Si Kila Soda ni ya Kunywa: Magadi, Kostiki na Jiki katika Maisha Yetu

Wanafunzi wetu wanapoanza kujifunza Kiswahili, neno "soda" huwa miongoni mwa maneno wanayoyashika upesi. Hakuna anayelitafuta katika kamusi. Ni kinywaji baridi chenye sukari na gesi, kinachouzwa dukani kwa chupa. Mwanafunzi atokaye Rwanda huzoea haraka kwamba kile ambacho kwao huitwa fanta, hata kama si Fanta, hapa Uganda huitwa soda. Atokaye Goma au Bukavu naye huliweka kando neno lake la sucré na kuagiza soda kama wenzake.

Baada ya miezi michache mwanafunzi huyo huyo huenda sokoni na kulikuta neno lile lile mahali pasipo na kinywaji. Muuza maharage ana magadi soda. Duka la vyakula lina bekingi soda. Muuza vifaa vya kutengenezea sabuni ana kostiki soda. Zote tatu ni nyeupe au zinakaribia weupe, na zote tatu mara nyingi hupimwa kwa kijiko au kikombe na kufungwa katika mfuko wa plastiki usio na maandishi.

Makala haya yanaeleza vitu hivyo ni nini, hutengenezwaje na hutumikaje, na kwa nini sisi walimu wa lugha tunaona kwamba suala la majina yake si la wanakemia peke yao. Soda moja huburudisha, ya pili huumua mandazi, ya tatu hulainisha maharage, na ya nne huweza kuunguza koo la mtoto kwa muda mfupi sana. Neno ni moja, lakini kitu si kimoja.

Asili ya ukoo huu: jivu na ziwa

Kabla ya kuwapo viwanda, binadamu alipata dawa za kusafishia na kulainishia kutoka mahali pawili. Mahali pa kwanza ni jikoni. Ukichukua jivu la kuni, la maganda ya ndizi au la mabua, ukalitia maji na kuyachuja, utapata maji yanayoteleza vidoleni. Maji hayo huondoa mafuta na hulainisha mboga ngumu. Waarabu waliliita jivu la mimea fulani ya sehemu zenye chumvi "al-qali", na kutokana na neno hilo dunia nzima imepata neno "alikali". Neno "sabuni" nalo tumelipata kwa Waarabu. Kwa hiyo Mswahili anayesema sabuni na mwanakemia anayesema alikali wamechota katika kisima kimoja.

Alikali ni kinyume cha asidi, au tindikali kama wengine wanavyopenda kusema. Asidi tunaijua kwa uchachu wa ndimu na siki. Alikali tunaijua kwa utelezi wake na kwa jinsi inavyokata mafuta. Zikikutana, kila moja hupunguza nguvu ya mwenzake.

Mahali pa pili ni maziwa ya Bonde la Ufa. Baadhi ya maziwa haya hayana mto unaotoka. Maji huingia, jua huyakausha, na madini yaliyoyeyuka ndani yake hubaki. Katika Ziwa Katwe, wilayani Kasese, watu wamevuna chumvi kwa karne nyingi na bado wanavuna kwa mikono katika vijaruba vya maji ya chumvi. Chumvi ya Katwe haina chumvi ya mezani peke yake, bali imechanganyika na kabonati na salfeti. Ndiyo maana chumvi ya mawe ya namna hii ina kazi ambazo chumvi safi ya dukani haiziwezi. Watu wa Ankole, kwa mfano, huitumia kutengenezea eshabwe, ambapo samli hupigwa pamoja na maji ya chumvi ya mawe mpaka ikawa nyeupe na laini. Kiwanda kikubwa kilichojengwa Katwe katika miaka ya 1970 hakikudumu, kwani maji yale makali ya ziwa yaliyala mabomba yake. Vijaruba vya wenyeji vimedumu kuliko kiwanda hicho.

Ziwa Magadi: soda inayochimbwa

Mfano mkubwa zaidi katika eneo letu ni Ziwa Magadi, katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, zaidi ya kilomita 100 kusini-magharibi mwa Nairobi. Chemchemi za maji ya moto huleta madini ziwani, nalo jua kali huyakausha maji. Kinachobaki ni tabaka la mawe meupe, mahali pengine yenye rangi ya waridi, lenye unene wa makumi ya mita. Mawe haya huitwa trona. Ndani yake mna kabonati ya sodiamu, bikabonati ya sodiamu na maji, vyote vikiwa vimeshikamana.

Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na tawi la reli kutoka Konza, kwenye njia kuu ya Mombasa, likafika Magadi mwaka 1915. Mwaka 2005 kampuni ya Tata Chemicals ya India ilinunua kampuni mama ya Uingereza iliyokuwa ikiimiliki, na tangu hapo Magadi imekuwa chini yake.

Njia yenyewe ni nyepesi kueleza. Trona huchimbwa kutoka ziwani, hupondwa na kuoshwa ili kupunguza chumvi na tope, kisha hutiwa katika tanuri. Moto hufukuza maji na gesi ya kabonidioksaidi, na kinachobaki ni unga mweupe wa kabonati ya sodiamu. Unga huu ndio magadi ya viwandani.

Nani anauhitaji? Mnunuzi mkubwa kabisa ni kiwanda cha kioo. Kioo hutengenezwa kwa mchanga mweupe, lakini mchanga peke yake hauyeyuki mpaka ufikie joto la takriban nyuzi 1,700 za Selsiasi. Ukichanganywa na magadi huyeyuka kwa joto dogo zaidi, na hivyo mafuta mengi huokolewa. Chokaa huongezwa ili kioo kisiyeyuke majini. Basi chupa ya soda tunayoishika mkononi ina soda ndani ya kioo chake kabla hata haijajazwa kinywaji. Mnunuzi wa pili ni kiwanda cha sabuni ya unga. Humo magadi husaidia kupunguza ukali wa maji yenye chokaa, ambayo huzuia povu.

Jikoni magadi hutumika kwa kiasi kidogo. Maharage makavu, kisamvu na mboga nyingine ngumu hulainika upesi kwa sababu alikali huvunja gundi inayoshikilia kuta za chembe za mmea. Kuni huokolewa na mboga hubaki na rangi ya kijani. Hasara yake ni kwamba vitamini B1 huharibika katika alikali. Kwa hiyo mpishi anayetia magadi kidogo ana hekima kuliko yule anayetia mengi ili chakula kiive upesi zaidi.

Utajiri wa maziwa haya una gharama yake. Ziwa Natron, upande wa Tanzania, lina magadi mengi, lakini pia ndilo mazalio makuu ya heroe wadogo katika Afrika Mashariki. Mpango wa kujenga kiwanda hapo ulizua mjadala mkali kuanzia mwaka 2006, na mwaka 2008 kampuni iliyotarajiwa kuujenga ilijiondoa.

Wasio na ziwa walifanyaje?

Nchi za Ulaya hazikuwa na Ziwa Magadi. Katika karne ya 18 viwanda vyao vya kioo, sabuni na nguo vilitegemea jivu la mimea, na jivu halikutosha. Mfaransa Nicolas Leblanc alipata mwaka 1791 hati ya kumiliki njia ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida. Alitumia asidi ya sulfuriki, makaa ya mawe na mawe ya chokaa. Njia hiyo ilifanya kazi, ila ilitoa gesi ya asidi hidrokloriki iliyounguza mimea na kukera vifua vya watu walioishi jirani na viwanda. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Bunge la Uingereza lilipitisha sheria maalumu ya viwanda vya alikali mwaka 1863. Leblanc mwenyewe hakufaidika. Kiwanda chake kilitwaliwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, naye akafariki katika umaskini mwaka 1806.

Mwaka 1861 Mbelgiji Ernest Solvay alipata njia bora zaidi. Maji ya chumvi hutiwa gesi ya amonia, kisha hupitishiwa kabonidioksaidi iliyotokana na kuchoma mawe ya chokaa. Bikabonati ya sodiamu hujitenga na kutua chini, nayo ikipashwa moto hugeuka kuwa magadi. Amonia hukusanywa na kutumika tena. Njia ya Solvay bado inatumika duniani hadi leo, ingawa nchi zenye trona ya kuchimba, kama vile Marekani katika jimbo la Wyoming, na Uturuki, hupata magadi kwa gharama ndogo zaidi.

Soda ya mandazi na soda ya chupa

Ukichukua magadi safi, ukayayeyusha majini na kuyapitishia kabonidioksaidi, utapata bikabonati ya sodiamu. Hii ndiyo bekingi soda ya dukani, ambayo tunaweza kuiita soda ya kuumulia. Ni alikali pole sana. Ikikutana na kitu kichachu, kama maziwa ya mgando au ndimu, hutoa vipovu vya gesi, navyo huinua donge la unga. Poda ya kuokea ni bikabonati hiyo hiyo ikiwa imekwisha kuchanganywa na asidi kavu, ndiyo maana inahitaji maji na joto tu. Hamira ni kitu kingine kabisa. Hamira ni viumbe hai vidogo sana wanaokula sukari na kutoa gesi. Mwanafunzi anayetafsiri vitu hivi vitatu kwa neno moja ataharibu mkate wa mwenzake.

Kinywaji nacho kilipataje jina la soda? Mwaka 1767 Mwingereza Joseph Priestley alipata namna ya kuyatia maji gesi ya kabonidioksaidi, na mwaka 1772 akachapisha maelezo yake. Watengenezaji wa kwanza wa maji ya namna hiyo mara nyingi walitia pia bikabonati ya sodiamu, wakayaita maji ya soda. Baadaye sukari, rangi na ladha ziliongezwa. Soda yenyewe ikaachwa, jina likabaki. Kinywaji tunachokiita soda leo ni kichachu, yaani kiko upande wa asidi. Kwa kemia, ndicho kilicho mbali zaidi na wenzake wote wanaolitumia jina hilo.

Kostiki soda na sabuni

Sasa tunamfikia ndugu mkali. Kostiki soda ni haidroksaidi ya sodiamu. Zamani ilitengenezwa kwa kuchemsha magadi pamoja na maji ya chokaa. Chokaa ilichukua kabonati na kutua chini kama unga mweupe, na juu yakabaki maji makali ya kostiki. Leo sehemu kubwa hutengenezwa kwa kupitisha umeme katika maji ya chumvi, kama tutakavyoeleza katika sehemu inayofuata. Katika nchi zetu zisizo na bahari hufika kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, mara nyingi ikiwa magamba meupe ndani ya mifuko ya kilo 25.

Kazi yake inayojulikana zaidi ni sabuni. Mafuta yakikutana na kostiki iliyoyeyushwa majini hugawanyika, yakatoa sabuni na glisarini. Kila mafuta yana kiasi chake. Kilo 1 ya mawese huhitaji takriban gramu 140 za kostiki safi, na kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 180. Ukipunguza, sabuni itabaki na mafuta kidogo, jambo lisilodhuru. Ukizidisha, kostiki itabaki ndani ya sabuni na kuchubua mikono ya mfuaji. Fundi mwangalifu hupima kwa mizani, hupunguza kidogo katika kipimo kamili, na huiacha sabuni isiyochemshwa ikae wiki nne hivi kabla ya kuiuza. Ufundi huu ni riziki ya watu wengi: wanawake wa vikundi vya kuweka akiba, vijana waliomaliza shule, na familia za maeneo ya mawese kama Rumonge nchini Burundi na mashariki mwa Kongo.

Kostiki haiishii kwenye sabuni. Huzibua mabomba yaliyojaa mafuta. Hutenga nyuzi za mbao katika utengenezaji wa karatasi. Huipa nyuzi ya pamba mng'ao na uwezo wa kushika rangi, njia ambayo Mwingereza John Mercer aliigundua katika karne ya 19 na ambayo bado hutumika katika vitambaa vya pamba. Imo pia katika baadhi ya dawa za kunyoosha nywele, na hiyo ndiyo sababu dawa hizo huwasha na hata kuunguza ngozi ya kichwa zikiachwa kupita muda ulioandikwa.

Klorini: pacha wa kostiki

Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini zilizoshikamana. Ukiiyeyusha majini na kupitisha umeme, upande mmoja hutoka gesi ya klorini, upande mwingine gesi ya haidrojeni, na majini hubaki kostiki. Kwa kila tani 1 ya klorini hupatikana takriban tani 1.1 ya kostiki. Ni pacha wasiotengana. Kiwanda hakiwezi kutengeneza mmoja bila mwenzake, na bei ya mmoja hutegemea soko la mwingine. Baadhi ya viwanda vya zamani vilitumia zebaki katika kazi hii. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa matumizi hayo.

Klorini ni gesi ya rangi ya kijani-manjano yenye harufu ya kukaba. Mnamo Aprili 1915 jeshi la Ujerumani liliiachilia dhidi ya askari huko Ypres, Ubelgiji, na maelfu wakadhurika. Gesi hiyo hiyo, ikitumiwa kwa kipimo kidogo sana katika maji ya bomba, imeokoa watu wengi kutokana na kipindupindu na homa ya matumbo. Mji wa Jersey City nchini Marekani ulianza kutia dawa ya klorini katika maji yake kwa mfululizo mwaka 1908, na miji mingi ikafuata.

Pacha hawa wakikutanishwa tena, yaani klorini ikipitishwa katika maji ya kostiki, hutoka hipokloraiti ya sodiamu. Hiyo ndiyo jiki. Jiki ni jina la biashara ambalo limegeuka kuwa nomino ya kawaida. Wenzetu wa Burundi na Kongo huiita javel, kutokana na kijiji cha Javel kilichokuwa karibu na Paris, ambako maji ya kung'arishia nguo yalitengenezwa mwishoni mwa karne ya 18.

Hapa Uganda wengi walijifunza thamani ya dawa hii wakati wa Ebola: Gulu mwaka 2000, Mubende mwaka 2022, na Kampala mwaka 2025. Katika kazi ya namna hiyo hutumika nguvu mbili, asilimia 0.5 kwa sakafu, vitanda na vifaa, na asilimia 0.05 kwa kunawia mikono. Hesabu yake ni rahisi. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, sehemu 1 ya jiki na sehemu 6 za maji hutoa asilimia 0.5. Sehemu 1 ya jiki na sehemu 69 za maji hutoa asilimia 0.05. Jiki hupungua nguvu kwa jua na kwa kukaa, kwa hiyo mchanganyiko hufanywa upya kila siku. Kwa maji ya kunywa, itumike dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kipimo kifuatwe kama kilivyoandikwa.

Hatari ziko wapi

Tumeeleza faida, sasa tutaje hatari bila kuficha. Ya kwanza ni chombo. Kostiki iliyoyeyushwa haina rangi wala harufu kali ya kumwonya mtu. Ikiwekwa katika chupa tupu ya soda au ya maji, mtoto ataiona kama kinywaji. Kostiki haichagui, huyeyusha nyama ya koo kama inavyoyeyusha mafuta ya sabuni. Mtoto anayepona huweza kubaki na koo lililosinyaa ambalo halipitishi chakula, akahitaji kutibiwa kwa miaka. Basi kanuni ya kwanza ni kwamba kemikali isiwekwe kamwe katika chombo cha chakula au kinywaji.

Ya pili ni namna ya kuyeyusha. Kostiki hutoa joto kali ikikutana na maji. Hutiwa kidogo kidogo ndani ya maji mengi ya baridi. Anayemimina maji juu ya kostiki huweza kurushiwa maji ya moto machoni.

Ya tatu ni sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki huila alumini huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma cha pua.

Ya nne ni kuchanganya. Jiki ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ile ile ya Ypres, ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha. Jiki na amonia, hata ile inayotokana na mkojo uliokaa, nazo hutoa gesi yenye sumu. Dawa mbili si bora kuliko moja.

Ajali ikitokea, ngozi au jicho lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Usipake ndimu wala siki ukidhani utaituliza alikali, kwani utaongeza joto na jeraha. Aliyemeza kostiki asitapishwe, maana itaunguza mara ya pili ikirudi. Asukutue kinywa na apelekwe hospitali mara moja, na chombo au mfuko uliokuwa na kemikali hiyo upelekwe pamoja naye.

Kazi ya walimu wa lugha

Katika ajali hizi neno "soda" lina sehemu yake. Mama akimwambia mtoto, "Niletee soda iliyo pale chini ya meza," maana hutegemea kilichomo chini ya meza. Lugha iliyopokea maneno kutoka pande nyingi hujikuta ikitumia jina moja kwa vitu vingi, na hilo si kosa. Lakini pale ambapo kosa la kusikia linaweza kumwondolea mtu koo au jicho, lugha ina wajibu wa kutenganisha.

Tunapendekeza hivi kwa walimu wenzetu na kwa wanafunzi wanaofanya tafsiri. Neno "soda" likiwa peke yake liachiwe kinywaji, kwani watu wamekwisha kuamua hivyo. Kitu kitokacho ziwani kiitwe "magadi" tu, bila kuongeza soda. Upatanisho wake wenyewe husaidia, kwa kuwa tunasema "magadi haya yamekwisha" lakini "soda hii imekwisha", na sikio lililozoea Kiswahili litashika tofauti. Ya mapishi iitwe "soda ya kuumulia", ili kazi yake ionekane ndani ya jina. Ile kali iitwe "kostiki" bila soda. Mafundi wengi wa sabuni wanasema hivyo tayari. Nao wamefanya jambo la busara, kwa sababu wameondoa katika jina la sumu neno ambalo mtoto analipenda.

Jambo la pili ni lebo. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003, una alama ya kitu kinachomwagika na kula mkono na chuma. Alama hiyo inafaa kufundishwa darasani kama tunavyofundisha alama za barabarani. Lakini picha haisemi ufanye nini. Mifuko inayofika Kampala mara nyingi ina Kiingereza, na ya Bujumbura ina Kifaransa, ambamo kostiki huitwa soude. Mfanyabiashara anayevuka mpaka na mfuko huo anahitaji lugha ya tatu inayoeleweka pande zote mbili. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongeza Kiswahili katika lugha zake rasmi mwaka 2021, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi. Hatua hizi hazitakuwa na uzito mtaani ikiwa Kiswahili kitaishia katika hotuba na mitihani, kikakosa kuonekana kwenye mfuko wa kostiki.

Kwa hiyo mazoezi ya tafsiri yasiwe ya mashairi na barua rasmi peke yake. Mpe mwanafunzi lebo ya kostiki aiandike kwa Kiswahili kinachoeleweka na muuza duka wa Kasese, mwenye kikundi cha sabuni wa Rumonge na fundi wa Goma. Atajifunza kwamba "tia kostiki ndani ya maji" na "tia maji ndani ya kostiki" ni sentensi mbili zenye maneno yale yale na sarufi iliyo sahihi. Mpangilio wa kwanza humpatia fundi sabuni. Wa pili huweza kumpofusha.